Chupa Niliyomsomea Baba

Igamba, Mbozi
4 Machi 2025

Baba mdogo Ezron,

Shikamoo. Natumaini hujambo, mama mdogo hajambo, watoto hawajambo na gereji inaendelea. Mimi ni mzima isipokuwa mafua kidogo, ambayo yamempata kila mtu bwenini kwa sababu ya mvua hizi. Masomo yanaendelea. Chakula ni kilekile. Mahindi yamestawi sana njia yote ya Igamba, sijui huko kwenu.

Barua hii anaileta Mama Fides, mwenye duka la shule. Kila Jumatano anakuja Tunduma kufuata mzigo, analala kwa dada yake, Alhamisi anarudi. Ukijibu, mpe yeye. Hasomi barua za watu, nimemchunguza.

Dhumuni la barua ni dogo tu. Tumepewa kazi ya fizikia. Mwalimu Osea anataka kila mmoja achague mashine na aeleze magonjwa yake. Wenzangu wamechagua baiskeli na mashine za kukoboa. Mimi nimechagua gari la baba, maana wewe ndiye umelitibu miaka yote. Naomba uniandikie gari lile huwa linaumwa nini na nini, na kila ugonjwa unagharimu shilingi ngapi. Hasa breki. Breki uzieleze kirefu. Kwa mfano, ni kitu gani kinaweza kuziharibu polepole, yaani leo zipo, kesho zipo, halafu siku moja hazipo? Na mtu anaweza kujua mapema?

Ni kwa ajili ya kazi ya shule tu. Usimwambie baba kwamba nimeuliza. Si kitu kibaya, ila atasema nasumbua watu.

Mwanao,
Tumpale Yonasi


Tunduma
6 Machi 2025

Tumpale mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya Fuso, ndiyo maana ina oili pembeni. Fizikia! Kumbe kazi yangu siku hizi inafundishwa sekondari, na mimi niliambiwa ni kazi ya walioshindwa shule. Mwambie huyo Mwalimu Osea akikwama aje, nitamfundisha kwa bei ya ndugu.

Gari la baba yako lilishuka melini likiwa tayari limezeeka, likaja kuzeeka upya mikononi mwake. Sasa lina miaka ishirini na nne, wewe una kumi na saba, mheshimu kama kaka. Ugonjwa wake mkubwa ni kuchemsha. Rejeta imejaa kutu kwa sababu baba yako anaweka maji ya bomba, ukimwambia anunue kulanti, ile dawa ya rejeta, anasema maji ni maji. Rejeta ya mtumba ni laki mbili na nusu. Ukiidharau, gasketi inaungua, hedi inapinda, unaipeleka Mbeya kupiga fesi, yaani kuisawazisha, hapo usipokuwa na laki saba kaa kimya. Chini huko bushi na boljointi zimekwisha, barabara ya Ndalambo anakofuata mpunga imezitafuna zote; laki na themanini. Shokapu nne, laki nne. Nozeli zikichoka unaona moshi mweusi na mafuta yananywewa kama pombe ya msibani. Ukipiga hesabu yote unaweza kununua ng'ombe na bado ukabaki na nauli.

Sasa breki. Hapa mwanangu roho inaniuma, lakini umeuliza.

Januari, kabla hujaenda shule, nilimbadilishia baba yako raba za mastasilinda, ile pampu ya breki. Raba mpya, nilizitoa kwenye pakiti mbele ya macho yake. Nikamwambia, kaka, oili imebaki kidogo, kanunue oili ya breki nzuri uongezee. Akaenda kununua. Baada ya wiki mbili akaja gereji, mbele ya wateja, anasema pedali inazama. "Umenifungia raba za mtumba ukala hela ya mpya." Nikamwomba nifungue nione. Akakataa, akalipeleka gari kwa fundi wa stendi. Tangu siku hiyo wateja wangu wawili wamehama. Kaka yako wa tumbo moja akikuita mwizi, nani atabisha?

Umeuliza polepole ni nini. Ni raba. Raba inakufa kwa uzee, kwa uchafu, au kwa oili isiyo yake. Ukiweka kwenye breki oili ya injini au ya stelingi, ile ya usukani, raba zinavimba kama maandazi yaliyozidi hamira. Siku za kwanza huoni kitu. Halafu breki zinakamata zenyewe, zinapata moto, pedali inaanza kuzama. Siku ya mwisho unakanyaga hakuna kitu. Lakini za kwangu zilikuwa mpya, na oili alinunua ya breki, kwa hiyo mimi mwenyewe sielewi.

Tarehe 29 ukoo mzima tunakwenda Ileje kujengea kaburi la babu yako. Baba yako atampakia shangazi yako Ketrina na wazee wawili. Mteremko ule, hata mimi mwenye breki nzima huwa naacha kuongea.

Andika kazi yako vizuri, upate alama.

Baba yako mdogo,
Ezron


Igamba
11 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mama ni mzima na duka linaendelea. Mimi sijambo, mafua yamepona. Nimepata alama sabini na nane za Kiingereza, wa kwanza darasani, na za Kiswahili ni sitini na tano. Mwalimu anasema ni kwa sababu nilisoma msingi ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia.

Baba, nimesikia kuhusu safari ya Ileje tarehe 29. Naomba usikasirike. Nimeota ndoto mbaya kuhusu gari. Nimeiota mara tatu. Naomba kama inawezekana mkodi Noah, au mpande Kosta na wengine, gari libaki nyumbani lipumzike. Limezeeka, baba. Si kwamba namfundisha mzazi.

Nitafurahi ukinijibu kwa mkono wa Mama Fides.

Mwanao akupendaye,
Tumpale


Tunduma
13 Machi 2025

Tumpale,

Marahaba. Barua nimeipata. Sabini na nane ni nzuri. Ya Kiswahili ongeza bidii.

Ndoto. Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa, siendeshwi na ndoto za mtu aliyelala na maharage ya shule tumboni. Sali kabla ya kulala, ule kidogo.

Gari liko sawa. Fundi wa stendi amebadilisha brekipedi, amechukua elfu tisini, kazi ameifanya. Linalosumbua ni ubovu aliouacha baba yako mdogo, na hilo jina usiniletee kwenye barua. Mimi mwenyewe kila Jumamosi nafungua boneti naongeza oili kutoka ile chupa uliyonisomea Nakonde. Ilipokwisha nilirudi palepale nikanunua nyingine kama ileile, sikuhitaji hata mtu wa kunisomea, nilishika ile ya kwanza mkononi nikamwonyesha muuzaji. Juzi kwenye kikao cha wazee tulikuwa na karatasi ya Kiingereza kutoka kwa wafadhili, kila mtu anaigeuzageuza. Nikawaambia, mngesubiri likizo, macho yangu ya Kiingereza yako Igamba, shuleni. Walicheka, lakini walinielewa.

Kukodi gari wakati ninalo langu mlangoni, watu wa Ileje watasema Yonasi amefilisika.

Soma kwa bidii. Mama anakusalimu, amekutumia sabuni na karanga.

Baba yako,
Yonasi


Igamba
18 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Sijambo. Hapa kuna mvua.

Hakuna kazi ya fizikia. Naomba unisamehe. Mwalimu Osea hakutoa kazi yoyote. Alifundisha tu jinsi maji yanavyosukuma, akaleta mastasilinda ya zamani ya gari akaipasua mezani, akatuonyesha raba, akasema maneno kama yale uliyoyaandika wewe, isipokuwa yeye hakusema maandazi. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka kengele.

Baba mdogo, nakuomba kitu na nakuomba usiniulize sababu. Nenda kwa baba. Mwombe ufungue kifuniko cha oili ya breki. Uinuse, uishike kwa vidole, ufanye vile mnavyofanya mafundi. Mwambie ni wazo lako. Kabla ya tarehe 29.

Jumapili ni siku ya kupiga simu nyumbani. Simu iko mezani kwa Matroni Witness, inawekwa spika ili asikie tusiwatukane walimu. Nilipanga foleni. Nyuma yangu walikuwa wasichana kama ishirini. Zamu yangu ilipofika baba akapokea, akasema, "Ee, mama, vipi?" kwa sauti ile ya furaha. Nikamwambia sabuni imefika. Akasema, "Na karanga?" Nikasema na karanga. Akasubiri. Nikamwambia baba, baba, mara mbili hivi. Wasichana wakaanza kucheka. Matroni akasema, "Dakika zako zinakwisha, mama wa karanga." Nikarudisha simu. Mpaka leo bwenini wananiita hivyo.

Naona aibu. Nenda kwa baba, tafadhali.

Tumpale


Tunduma
26 Machi 2025

Tumpale,

Wiki iliyopita Mama Fides hakunikuta, nilikuwa Nanyala kuvuta lori lililolala. Barua nilipewa na jirani siku ya Ijumaa. Tangu hapo nimekwenda kwa baba yako mara tatu.

Mara ya kwanza mama yako alisema hayupo, na viatu vyake nikaviona mlangoni. Mara ya pili nilimkuta dukani akaniambia niongee na karani. Leo nimesimama getini nikapiga kelele mpaka akatoka.

Nikamwambia, "Kaka, nifungulie boneti tu. Sigusi kitu. Ninuse oili."

Akasema, "Umeona raba haitoshi, sasa unataka kula na oili?"

"Kaka, inawezekana ulinunua isiyo ya breki. Nakonde chupa zinafanana."

Hapo akacheka. Nilidhani amelainika. Akasema, "Ile chupa ameisoma Tumpale. Amesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wewe darasa la saba ulilimaliza? Unataka mtoto abebe wizi wako?" Akafunga geti. Majirani wote wametoka nje wanatazama, na mimi nimeshika kofia.

Nimerudi gereji nikaisoma tena barua yako. Nikaisoma na ile ya kwanza. Sasa nakuuliza, na nataka neno moja tu. Ile chupa uliisoma?

Ukisema uliisoma, basi mimi nanyamaza, nitakubali kwamba mikono yangu imezeeka, nitafunga gereji nikalime. Ukisema hukuisoma, mimi siwezi kumwambia baba yako. Ataniuliza ushahidi, na hata nikimwonyesha barua hizi mbili hakuna mahali umesema. Atasema najificha nyuma ya mtoto. Lazima limfikie kutoka kwako, kwa mkono wako au kwa mdomo wako. Gonga kwa huyo matroni. Vunja mlango.

Wanaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.

Ezron


Igamba
28 Machi 2025, Ijumaa

Baba,

Isome barua hii yote kabla hujawasha gari. Kama umeshaliwasha, lizime. Mwambie shangazi Ketrina ashuke.

Ile oili si ya breki. Ni ya stelingi.

Siku ile Nakonde ulinipa chupa mbili mkononi, zote za manjano, zote za kampuni moja. Ukasema, "Mama, hebu nisomee, ya breki ipi?" Kulikuwa na vijana wanne wamekaa juu ya madumu. Muuzaji akasema kwa Kiingereza, kwa sauti, tunyamaze tumsikilize profesa kutoka Tanzania. Wakacheka. Mmoja akasema kitu kwa Kibemba kuhusu sketi yangu. Wewe ulikuwa unahesabu kwacha, hukusikia. Mimi nilisikia. Uso wote uliwaka moto. Macho yangu yalikuwa kwenye chupa, lakini sikuona hata herufi moja, baba, nakuapia. Nilitaka tu tutoke. Nikakupa ile ya mkono wa kulia kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu nawe. Nikasema, "Hii." Ukalipa. Pale mpakani ukamwambia mtu wa forodha, huyu binti ananiokoa na matapeli.

Kama ingeishia hapo lingekuwa kosa tu. Hili linalofuata sijui linaitwaje.

Asubuhi ya kuja shule uliniagiza stoo nilete kamba ya kufungia tranka. Chupa ilikuwa pale, imebaki nusu. Hapakuwa na mtu wa kunicheka. Nikaisoma. Mbele imeandikwa ni ya stelingi, na nyuma, kwa maandishi madogo, imeandikwa isiwekwe kwenye breki. Nilisoma mara mbili. Nje nilikusikia unaimba. Ulikuwa umelibeba tranka langu kichwani wewe mwenyewe, wewe mzee wa kanisa, majirani wanaangalia, ukiwatania kwamba unambebea mzigo daktari. Nikachukua kamba nikatoka. Nikasema, "Kamba hii hapa, baba."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nilikuwa na nafasi ya kusema mengine.

Njiani nilijiambia oili ni oili. Nilijiambia itakuwa kidogo, haitadhuru. Halafu ukamwita baba mdogo mwizi, na mimi nikakuandikia ndoto. Sijaota chochote. Baba mdogo hakula hela yako. Raba zake zilikuwa nzima, ni mimi niliyeziua, na kila Jumamosi ulipoongeza ulikuwa unaongeza neno langu.

Jana barua yake ilipofika nilikwenda mpaka mlangoni kwa Matroni Witness. Leo asubuhi nimekwenda tena. Niliinua mkono. Ndani alikuwa anaongea na walimu wawili, wanacheka kitu chao. Ningegonga, saa hizi ungekuwa umeshajua. Sikugonga.

Kuna lori linapakia mahindi hapa Igamba, linaondoka mchana huu kwenda mpakani. Barua nimempa dereva. Nimempa na elfu mbili zangu. Ameapa kwamba kabla ya alfajiri ya kesho itakuwa mlangoni kwako.

Usiende, baba. Nipige, nitoe shule, lakini usiende na gari lile.

Tumpale


Tunduma
2 Aprili 2025

Tumpale,

Barua yako ya Ijumaa imenifikia Jumatatu. Lori lilikwama kwenye foleni ya mpaka tangu Mpemba, siku mbili na nusu. Mwishowe dereva alimwachia utingo akaja kwa miguu. Akaniambia, "Mzee, samahani, binti alisema ni haraka." Nilimpa maji ya kunywa.

Jumamosi tulitoka saa kumi na mbili. Malori yalikuwa yamejaa barabara, kama unavyojua. Pale Mpemba kabla ya kukata kwenda Ileje kuna moja lililokuwa limekaa vibaya, nikalipigia honi sana mpaka likanipisha. Lilikuwa na magunia ya mahindi. Sisemi ndilo. Lakini nalifikiria.

Mteremkoni, kona ya tatu, pedali ilikwenda hadi chini kama nakanyaga ugali. Nilirudisha gia, nikavuta hendibreki, gari likaendelea. Kulia ni korongo, kushoto ni mlima. Nikaligonganisha na mlima. Kushoto ndiko alikokaa dada yangu. Ketrina amevunjika mkono na mfupa wa bega. Wazee walichubuka tu. Mimi sina hata mkwaruzo.

Ezron alipigiwa simu na watu, akaja na pikapu na kamba kutuvuta. Nilimwambia mbele ya ukoo wote, "Usiguse gari langu. Umekosa kuniua, umekuja kuangalia kilichobaki?" Aliweka kamba chini, akageuza pikapu, akarudi. Kaburi la baba yetu likajengewa yeye akiwa hayupo.

Jumatatu nilisoma barua yako mara tatu, kisha nikaenda gereji. Alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilimwita hakutoka. Basi nikaisoma barua yako kwa sauti, nikiwa nimesimama, nikiisomea ile miguu. Nilipofika kwenye kamba na tranka, akatoka. Tulikaa juu ya tairi. Aliniuliza kama Ketrina anakula.

Gari analo yeye sasa. Anasema mfumo wote wa breki utolewe: mastasilinda, raba za magurudumu manne, mipira, mabomba yaoshwe. Laki tisa na nusu, bado bodi. Sijaamua kama nitengeneze au niuze chuma chakavu.

Nimekukasirikia, sitakudanganya. Jumatatu usiku niliandika barua nyingine, mama yako akaichana. Alisema maneno niliyoandika mengi yalikuwa ya kwangu, si yako. Ezron alinifuata mara tatu. Alitaka kunusa tu, nikamfungia geti. Hilo hujaliandika wewe, na hukulifanya wewe. Hilo ni langu, na nimelisema mbele ya wazee wa kanisa Jumanne.

Shangazi yako yuko hospitali Ileje. Nimemwambia kwamba Ezron hana kosa. Akaniuliza, "Kama si Ezron, ni nani?" Anauliza kila nikienda, na watu wanaomzunguka wanauliza. Wengine bado wanasema namficha mdogo wangu kwa sababu ya aibu. Ningeweza kulitaja jina lako. Nimemwambia jibu litakuja kwa barua. Sikusema barua ya nani.

Mama Fides atapita hapa kesho kurudi Igamba. Wiki ijayo anashuka tena.

Baba yako,
Yonasi


Igamba
6 Aprili 2025

Shangazi Ketrina,

Ni mimi Tumpale. Baba alinipa chupa nimsomee, nikasema nimeisoma, na sikuisoma. Baadaye niliisoma nikiwa peke yangu, nikajua si ya breki, nikanyamaza wiki kumi. Baba mdogo Ezron alifunga raba mpya na alifanya kazi yake vizuri. Mkono wako na bega lako ni kwa sababu yangu.

Salamu nimeziacha makusudi. Nikianza na salamu huwa nauliza hali za watu wote mpaka karatasi inakwisha.

Siwezi kukuambia nilifanya hivyo kwa sababu mimi ni mwenye haya. Ni kweli ni mwenye haya, lakini wewe uko kitandani. Nikifunga shule nitakuja Ileje. Nitakuchotea maji, nitakufulia, nitakulimia shamba lako la kahawa hadi mkono ukubali. Ukinifukuza nitakaa nje.

Najua hujui kusoma, na najua wodi hiyo inajaa ndugu saa za kuona wagonjwa. Kwa hiyo wewe unayemsomea shangazi barua hii, sijui wewe ni nani, labda ni mtoto wa shule kama mimi na watu wote wamekugeukia. Usiruke mstari. Usipunguze sauti ili kunisitiri. Ukifika mwisho na kuna mtu mlangoni ambaye hakusikia, rudia kuanzia kwenye jina langu.

Shikamoo, shangazi.

Tumpale Yonasi